Kabla ya akili unde, bwawa la spirulina linataka vipimo

Tangu Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa Kenya wa 2025–2030 uzinduliwe Machi 2025, lugha ya uchumi wa buluu huku Pwani imeanza kubadilika. Ufugaji wa mwani mdogo, uliokuwa ukizungumzwa kwa jina la lishe na ajira za vijana, sasa unazungumzwa kwa jina la vihisi vilivyounganishwa na intaneti na mashine zinazojifunza. Ahadi inayobebwa na lugha hiyo ni rahisi kuielewa, na ndiyo maana inapendwa: funga vihisi bwawani, iachie mashine isome, na mavuno yatakuwa maradufu huku mwenye bwawa akiwa kwake Shela au Kisumu Ndogo amelala. Ahadi hiyo imebisha mlango usio wake. Teknolojia hii inatufaa sana, lakini faida yake kwa bwawa dogo la Malindi au Lamu ni kupunguza siku mbaya. Siku njema haitazibadilisha kwa kiasi kikubwa. Na hata hizo siku mbaya hazitapungua mpaka tuwe na vipimo safi vya mwaka mzima, kusi na kaskazi, vilivyochukuliwa hapa hapa na kuandikwa sambamba na yale ambayo mfanyakazi aliyaona kwa macho na kuyanusa kwa pua. Kuunda modeli, yaani programu inayojifunza kutabiri kutokana na namba, ni kazi ya wiki chache kwa kijana aliyesoma. Kupata namba za kuilisha ni kazi ya mwaka.

Mwani ninaouzungumzia si ule wa kamba unaolimwa Kibuyuni kule Kwale. Ni spirulina, nyuzi ndogo zilizojisokota ambazo wanabiolojia huziweka katika kundi la bakteria wa kijani-buluu. Ni chakula cha heroe wadogo wa maziwa ya magadi ya Nakuru na Bogoria, na Wakanembu walio kando ya Ziwa Chad wameivuna na kuikausha kwa vizazi vingi. Ikikauka vizuri, asilimia 55 hadi 70 ya uzito wake ni protini. Hupenda joto la nyuzi 35 hadi 37 na pH ya kati ya 9 na 10.5, maji makali ambayo viumbe wengi wa kushindana nayo hawayawezi. Mapishi ya maji hayo yanayofuatwa zaidi ni ya Zarrouk ya mwaka 1966: gramu 16.8 za sodiamu baikaboneti kwa kila lita, gramu 2.5 za nitrati ya sodiamu, nusu gramu ya fosfeti ya potasiamu, kisha chuma na madini mengine kwa vipimo vidogo zaidi. Kina cha bwawa huwa sentimita 15 hadi 30, na gurudumu la makasia huyazungusha maji kwa mwendo wa sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde ili kila uzi upate zamu yake ya jua. Ili hesabu zifuatazo ziwe wazi, tuchukue bwawa la mita mraba 50 lenye kina cha sentimita 20. Hizo ni lita 10,000 za maji. Likiwa na afya, kwa gramu 8 hadi 10 kwa kila mita mraba, linatoa gramu 400 hadi 500 za spirulina kavu kwa siku.

Ugumu wa kwanza wa Pwani uko kwenye maji ya kujazia, na hauzungumzwi vya kutosha. Siku ya jua na upepo inaweza kuondoa milimita 6 za maji kwa mvuke, nazo katika bwawa letu ni lita 300. Ukizirudisha kwa maji ya kisima yenye gramu 2 za chumvi kwa lita, siku hiyo umetia bwawani gramu 600 za chumvi ambazo hazitoki kwa mvuke. Baada ya siku 100 ni kilo 60, yaani ongezeko la gramu 6 kwa kila lita. Spirulina haifi kwa hilo, ila inapunguza mwendo, na mwenye bwawa huanza kulaumu mbegu. Juu ya chumvi kuna chokaa. Visima vingi vya Malindi na vya visiwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yamebeba kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na maji ya pH 10 huganda, hushuka chini pamoja na fosfeti uliyoinunua kwa pesa, na huvika vihisi ukoko mweupe. Maji ya bomba yatokayo Baricho yanahitaji kuachwa wazi siku nzima, yakipuliziwa hewa, ili klorini itoke. Yaliyo bora ni ya mvua, na kwa hilo jabia la kale la Pate au Siyu, yaani tangi la kuhifadhia maji ya mvua, likisafishwa na kufunikwa, ni kifaa cha thamani kuliko kihisi chochote kitakachoagizwa. Lakini mvua nayo ina upande wake. Milimita 100 za mvua ya Mei zikiangukia bwawa lisilo na paa, kina cha sentimita 20 kinakuwa 30, na gramu 16.8 za baikaboneti zinakuwa kama 11. Hakuna kamera wala modeli itakayoyabashiri haya kwa kutazama rangi. Yanajulikana kwa kuandika: lita ngapi zimeingia, kutoka wapi, siku gani.

Tulitazame sasa dai la mavuno maradufu, ambalo naliona ndilo dhaifu kuliko yote. Jua la Pwani huipa kila mita mraba takriban megajuli 20 kwa siku. Gramu 10 za spirulina kavu zina nishati ya kilojuli 210 hivi. Kwa hiyo bwawa zuri linahifadhi kama asilimia 1 ya jua lililoliangukia, na mwenye kuuza mtambo atakwambia kwa furaha kwamba asilimia 99 imebaki mezani. Haijabaki. Zaidi ya nusu ya nishati ya jua iko katika mawimbi ambayo mmea hauwezi kuyatumia kwa usanisinuru. Katika hiyo iliyosalia, nyuzi za juu hupigwa na mwanga wa adhuhuri kuliko zinavyoweza kuumudu, huku za chini ziko gizani. Na usiku kucha bwawa hupumua na kuunguza sehemu ya kile lilichotengeneza mchana. Mabwawa ya wazi yanayoendeshwa vizuri kabisa, katika vipindi vyake bora, hufika asilimia 2 au 3. Yanafika huko kwa kuzungushwa vizuri, kwa kina kilichopangwa na kwa kaboni ya kutosha. Programu haina mkono wa kuzungusha maji. Ikiwa gurudumu lako linaacha kona mbili zimelala, modeli itajifunza kwa uaminifu mkubwa namna bwawa lenye kona mbili zilizolala linavyokua polepole.

Faida ya kweli ipo kwingine, na inaweza kupigiwa hesabu. Bwawa likifa, mwenyewe huanza upya kutoka kwa mbegu ya akiba. Tuseme akiba ni lita 20 zilizokolea. Kufikia lita 10,000 kwa ukolezi ule ule ni kuongezeka mara 500, yaani kujizidisha maradufu mara 9. Nje, kila kujizidisha huchukua kama siku 3, kwa hiyo ni siku 27 bila mavuno. Kwa wastani wa gramu 450 kwa siku, hizo ni kilo 12 zilizopotea, mbali na gharama ya kutengeneza maji mapya. Mfumo utakaokuokoa na kifo kimoja kwa mwaka umekupa kilo 12. Mfumo unaokuahidi ongezeko la asilimia 100 kila siku haujakupa kitu. Nawasihi wanaopima miradi hii waulize swali la kwanza, kwa kilo, kabla ya swali la pili.

Na bwawa linakufaje? Huku kwetu mara nyingi kwa joto. Chini ya paa la plastiki lililofungwa, bwawa lenye kina kifupi linaweza kuvuka nyuzi 40 saa nane mchana, na dawa yake ni neti ya kivuli ya asilimia 50 ivutwe kabla ya maji kufika 38, pamoja na kufungua pande mbili upepo upite. Hufa pia kwa amonia. Yurea ni rahisi kuliko nitrati, na kila kilo ya spirulina kavu uliyovuna imeondoka na takriban gramu 100 za nitrojeni, kwa hiyo kishawishi ni kumwaga gramu 220 za yurea kwa mkupuo kwa kila kilo. Yurea inavunjika na kuwa amonia, na katika pH 10 sehemu kubwa ya amonia hiyo iko katika umbo lenye sumu. Dozi hiyo hiyo ikigawanywa kidogo kidogo kila asubuhi huliwa kabla ya kujikusanya. Hufa kwa mwanga, pale lilipovunwa kupita kiasi na nyuzi chache zilizobaki zikakutana na jua kali la asubuhi maji yakiwa bado baridi. Na hufa gurudumu likisimama. Spirulina ina vifuko vya gesi. Ikikosa kuzungushwa huelea na kutanda juu kama zulia, ya juu ikaungua na ya chini ikakosa nuru.

Kwa kuyajua hayo, mpangilio wa vihisi unajipanga wenyewe, na haufanani na orodha za madukani. Cha kwanza ni joto. Kihisi cha DS18B20 kilichofungiwa ndani ya bomba dogo la chuma kisichoshika kutu kinatosha: kosa lake ni nusu nyuzi, na kinahitaji kizuizi kimoja cha kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme. Vifungwe viwili, kila kimoja nusu ya kina, kwenye kivuli, kimoja karibu na gurudumu na cha pili upande wa mbali. Vikipishana kwa zaidi ya nyuzi 2 adhuhuri, maji hayachanganyiki, na hapo tayari umepata habari ambayo haihitaji akili unde. Cha pili ni kitu cha bei ya chini ambacho hakitajwi kabisa: kihisi cha kusema gurudumu linazunguka au limesimama. Bila hicho, umeme ukikatika, mwani huelea juu, kihisi cha rangi kilicho chini huona maji meupe, na mashine inaandika kwamba bwawa limekufa. Umeme ukirudi, inaandika kwamba limefufuka. Modeli iliyolishwa vifo na ufufuo wa namna hiyo haitoaminika tena.

Kihisi cha pH, ambacho ndicho mapambo ya kila skrini ya maonyesho, nakiweka mwisho. Maji ya spirulina yamejaa baikaboneti na kaboneti, na hizo huizuia pH isiyumbe. Bwawa letu likikua kwa gramu 10 kwa kila mita mraba, pH hupanda kwa siku kwa kiasi kilicho chini ya 0.1. Kihisi cha bei nafuu kina kosa la 0.1 au zaidi, kioo chake husoma pungufu katika maji ya pH ya juu yenye sodiamu nyingi, na usomaji wake hubadilika na joto. Kwa hiyo yale mawimbi mazuri ya pH yanayopanda mchana na kushuka usiku kwenye skrini mara nyingi ni mawimbi ya joto yaliyovaa nguo nyingine. Kipimo cha pH cha mkononi, kilichosawazishwa kwa viowevu vya pH 7 na pH 10, kikitumika mara moja au mbili kwa wiki saa ile ile, kinatoa habari ile ile kwa usahihi zaidi. Atakayetaka lazima kukiacha kihisi bwawani basi akisawazishe kila wiki na aandike milivolti zake. Kikiwa kizima, tofauti ya pH moja hutoa karibu milivolti 59 kwa nyuzi 25. Ikishuka chini ya 50, elektrodi imechoka. Kikitolewa majini kihifadhiwe kwenye mmumunyo wa kloridi ya potasiamu, kamwe kisiwekwe kwenye maji yaliyotoneshwa. Na kisiunganishwe moja kwa moja na kidhibiti cha ESP32, kwa sababu kigeuzi chake cha ndani, kinachobadili volti kuwa namba, si sawasawa katika ncha zake, na nusu ya milango yake ya kupimia haifanyi kazi wakati mtandao wa bila waya umewashwa. Kigeuzi cha nje cha biti 16 huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Kinachostahili muda wa mafundi wetu ni bomba la rangi. Kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 15, kimepakwa rangi nyeusi ndani, kimefungwa taa nyekundu ya nanomita 680 upande mmoja na kipokea-mwanga upande wa pili, umbali wa sentimita 1 kati yao, maji yakipita katikati. Nanomita 680 ni pale klorofili inapomeza mwanga. Kifaa husoma taa ikiwa imezimwa, kisha imewashwa, na kutoa ya kwanza katika ya pili, ili jua linalopenya lisihesabiwe. Hurudia mara 20 na kuchukua usomaji wa katikati, kwa sababu bonge moja la mwani likipita huharibu wastani. Kioo kinafutwa kila asubuhi kwa kitambaa laini. Kisipofutwa siku tatu, utando unaoota juu yake utasomeka kama ukuaji, na hilo ni kosa baya kwa sababu ni kosa la kufurahisha. Kisha bomba lazima lifungamanishwe na uzito halisi. Lita moja ya maji ya bwawa huchujwa kwenye kitambaa cha maikroni 30 hadi 50 kilichopimwa kabla, ikasuuzwa, ikakaushwa chini ya nyuzi 60, ikapimwa kwa mizani ya sehemu ya mia ya gramu. Bwawa lenye nusu gramu kwa lita linakupa gramu 0.5, na kosa la mizani ni asilimia 2 tu. Bila namba hizo, rangi ni rangi tu.

Hewa ya bahari inakula kila kitu, na hapa Lamu ni ngumu kuliko Malindi. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, viungio vijazwe silikoni, matundu ya nyaya yaelekee chini ili tone la maji lisitafute njia ya kuingia. Kutu ya kijani kwenye kiungio haikati umeme ghafla. Huongeza ukinzani polepole, na namba zinateleza kidogo kidogo mpaka mtu anadhani ni bwawa.

Tuje kwenye kujifunza kwa mashine kwenyewe. Kifaa kinachosoma kila dakika 10 hutoa masomo 144 kwa siku na 52,560 kwa mwaka, na namba hiyo huwafanya watu waseme wana data nyingi. Hawana. Masomo mawili yaliyopishana dakika 10 ni karibu kitu kimoja. Kinachofundisha ni majibu, na majibu ni ule uzito uliopimwa kwa kitambaa: ukipima mara tatu kwa wiki, una 156 kwa mwaka. Vifo vya bwawa, Mungu akijalia, ni kimoja au viwili. Hakuna modeli itakayojifunza kutabiri kifo kwa mifano miwili. Inachoweza kujifunza ni mwenendo wa kawaida: kwa ukolezi wa leo, joto hili na jua hili, kesho bwawa liwe wapi. Bwawa likikaa chini ya matarajio siku mbili mfululizo, simu inalia. Kwa kazi hiyo mlinganyo wa mstari wenye vigezo vitano, au miti michache ya maamuzi, yaani maswali ya ndiyo au hapana yanayofuatana, unafanya vizuri kuliko mtandao mkubwa wa neva unaohitaji data ambazo hatunazo. Kuna mtego unaowanasa hata wasomi: kuchanganya masomo yote kama karata, kisha kutenga sehemu ya kujaribia. Somo la saa nne na dakika 10 linaingia kwenye mafunzo, la saa nne na 20 kwenye mtihani, na modeli inapata alama za juu kwa kukariri. Mtihani wa haki ni kufunza kwa miezi ya kaskazi na kujaribu kwa wiki ambazo modeli haijaziona kabisa. Na kila modeli ishindanishwe na kanuni ya mtoto: kesho itakuwa kama leo. Ikishindwa kuipiku kanuni hiyo, isilipiwe.

Hapa ndipo modeli ya kuagiza inaposhindwa, hata ikiwa imetengenezwa na watu hodari. Mashamba madogo ya spirulina ya kusini mwa Ufaransa, ambayo yana uzoefu wa kuheshimiwa, hukabiliana na baridi na husimama majira hayo. Modeli iliyolelewa huko inajua sana nyuzi 18 na haijui kitu kuhusu alasiri ya Februari ya Malindi, wala kuhusu wiki ya Mei ambapo mawingu ya kusi na mvua vinakuja pamoja. Haikosei kwa sababu ni ya kigeni. Inakosea kwa sababu inaulizwa swali ambalo haijawahi kuliona.

Wapo wanaosema upande wa pili kwamba haya yote ni anasa, na kwamba jicho la mfanyakazi mzoefu linatosha. Hoja yao ina uzito kuliko wauzaji wa mitambo wanavyokiri. Sahani nyeupe kwenye ncha ya kijiti, inayotumbukizwa mpaka ipotee machoni, ikipotea kwenye sentimita 2 au 3 inasema vuna, na gharama yake ni sifuri. Harufu ya amonia hugunduliwa na pua. Vijidudu vinavyokula mwani, na nyuzi zilizonyooka badala ya kujisokota, huonekana kwa hadubini, na hakuna kihisi cha bei ya kikundi kitakachoviona. Lakini jicho lina mipaka miwili. Haliko bwawani saa nane mchana wa Ijumaa watu wakiwa wametoka msikitini na kukaa kula, wakati maji yanapanda kutoka 36 kwenda 40. Na halikumbuki: mfanyakazi mzuri akihama, ujuzi wake unahama naye. Wanaolitukuza jicho hawasemi litarithishwaje. Daftari ndilo linalorithisha, lenye safu za rangi, harufu, povu, kina cha sahani, lita zilizoingia, gramu za mbolea na mvua. Maandishi hayo hayo ndiyo yanayoifundisha mashine. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa mradi kumwachisha kazi mama anayelijua bwawa ili kulipia vihisi. Umemwondoa mwalimu kabla ya somo kuanza.

Hoja ya gharama ya intaneti, nayo inasikika sana Lamu, haisimami hata kidogo. Kila usomaji ni baiti 50 hivi. Masomo 144 ni kilobaiti 7.2 kwa siku, na mwezi mzima haufiki robo ya megabaiti. Mtandao ukipotea, kadi ya kumbukumbu inahifadhi na kutuma baadaye, na onyo la joto linaweza kwenda kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Paneli ndogo ya sola na betri ya ampea-saa 7 vinakimudu kifaa. Gharama halisi ni mikono: dakika 20 za kila asubuhi za kufuta, kupima na kuandika, na saa moja ya wiki ya kusawazisha. Bajeti isiyo na mshahara wa kazi hiyo imepanga kukusanya uchafu.

Kwa kikundi chenye tangi moja la lita 1,000, ushauri wangu ni sahani, kipimajoto na daftari, basi. Vihisi vianze kuwa na maana kuanzia bwawa kama hili la mita mraba 50, na hasa pale vikundi vitatu au vinne vinapotumia maji ya aina moja na kuweka data zao pamoja, kwa sababu vifo viwili vya mwaka vinakuwa sita au vinane na mashine inapata cha kusoma. Vituo vya kuzalishia vifaranga vya chaza au kamba, vinavyohitaji mwani hai wa kuwalisha kila siku bila kukosa, vitanufaika mapema zaidi, kwani mifuko yao ya kukuzia mwani iko ndani na vigezo ni vichache. Kwa wafadhili na kaunti hili linageuza mpangilio wa fedha: mwaka wa kwanza kwenye jabia, neti, mizani, hadubini na mshahara wa mwandishi wa daftari, mwaka wa pili ndipo modeli.

Linabaki suala la nani mwenye namba. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksi angani. Ilitoka mlangoni kwetu na ikaandika historia ya sayansi, lakini waliozisoma data zake hawakuwa watu wa Ngomeni. Data za bwawa zinaweza kufuata njia hiyo hiyo kwa utulivu zaidi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, na joto la maji si mtu. Kinachobaki kumlinda mwenye bwawa ni mkataba. Mkataba huo useme kwamba masomo ghafi ni mali ya kikundi, pamoja na uzito wa kila kichujio na milivolti za kila usawazishaji. Kwamba mwenye programu anaruhusiwa kuyatumia kwa muda uliotajwa na kwa kazi iliyotajwa. Na kwamba nakala kamili inahifadhiwa kwenye kompyuta iliyoko Malindi au Lamu, katika faili za kawaida za jedwali ambazo katibu wa kikundi anaweza kuzifungua bila kuomba nenosiri kwa mtu yeyote.